Dhiraa ya Baba

Asubuhi ile nilitoka Mlandizi bila kujua ninakokwenda. Nilikunja shuka langu, nikafagia chumba nilichokikalia miezi mitano, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo wake na kushika njia. Ndivyo nilivyo, mahali pakianza kunizoea, miguu huniwasha. Nilikuwa nimekaribia kijiwe cha bodaboda harufu iliponikuta. Mtu alikuwa akichoma plastiki nyuma ya vibanda, na ile harufu tamu yenye uchungu ndani yake ilinikaa kooni kama kidonge kilichomezwa bila maji. Waliokuwa wakipita waliziba pua. Mimi nilisimama nikaivuta. Kwa wengine ni harufu ya takataka. Kwangu ni harufu ya masika moja nilipokuwa na miaka kumi na miwili, masika ya mwisho ya baba yangu kuwa mtu mwenye kazi.

Siku zile tulikaa jirani na Zegereni, katika kijumba cha matofali ya saruji ambacho mbele kilitazama mihogo na nyuma kilitazama ukuta wa kiwanda. Baba alifanya kazi humo, kwenye mashine iliyotoa mabamba ya plastiki, meupe na bapa, yakiwa bado na joto. Wenzake walimwita Mlingoti. Alikuwa mrefu kiasi cha kuinama kwenye kila mlango, hata mlango wa nyumba yake mwenyewe, na mikono yake ilikuwa mirefu kuliko mkono wa shati lolote tuliloweza kumpatia mnadani. Wafanyakazi waliruhusiwa kuondoka na mabaki, vile vipande vinavyokatwa pembeni, na mabaki yalikuwa na kipimo ambacho hakikuandikwa popote. Msimamizi wa zamani alisema tu kwamba kisichozidi dhiraa ni mabaki, na dhiraa ni kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Getini mtu aliweka mkono wake juu ya kipande chake, mlinzi akatazama, akampitisha. Baba alikuwa na desturi ya kukata mpaka kwenye kifundo cha mkono tu. Alisema mtu akipewa ruhusa asiimalize yote.

Vipande hivyo ndivyo vilivyonifundisha kazi. Nilikuwa mtoto wa kuuliza kila kitu, na plastiki ilinijibu. Niligundua kwamba ukiishika juu ya mkaa uliofunikwa na majivu, si karibu sana, inaanza kung'aa, kisha inalegea kama chapati mbichi, na hapo una muda wa kuhesabu mpaka kumi tu wa kuipa umbo. Ukichelewa inagoma. Ukiharakisha na moto mkali inatoa mapovu na moshi mweusi, na mama anapiga kelele kutoka uani. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, na sijui kama waliwahi kuiona plastiki. Nilianza kwa kuziba mabeseni ya majirani yaliyopasuka, nikaendelea na kata za maji na makopo ya chumvi. Viganja vyangu vilijaa malengelenge, nami niliyaona kama vyeo.

Ndipo Katekista Benedikto, jirani yetu wa nyumba ya tatu, alipokuja na maneno yake. Sisi ni Waislamu na yeye ni mtu wa parokiani, lakini tuliazimana chumvi na moto tangu sijazaliwa. Kila Ijumaa Kuu vijana wa parokia waliigiza njia ya msalaba, na mwaka ule alitaka askari wa Pilato wafanane na askari.

"Zuhura mwanangu," alisema, "nataka uniundie dirii sita na chapeo sita."

"Dera sita, mwalimu? Za rangi gani?"

Mama aliangusha mwiko. "Yarabi! Askari wa Pilato siku hizi wanavaa madera?"

Katekista alicheka mpaka akakaa chini. Baba ndiye aliyenieleza kwamba mwalimu anasema vile kitabu chao kinavyosema, ila sisi tungesema deraya, vazi la chuma la kukinga kifua vitani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona. Lakini neno lile dera lilishatoka uani kwetu, na kufika jioni Deo, kijana fundi ujenzi aliyepewa nafasi ya jemadari, alikuwa akipita barabarani akiita, "Fundi madera! Nipimie na mimi, nina harusi!"

Nilifanya kazi ile kwa majuma matatu, nikitoka shule tu nakaa mbele ya jiko. Kwa kifua nililaza kinu cha mama ubavu, nikavaa soksi mikononi, nikakilaza kipande kilicholegea juu yake na kukibana kwa kanga iliyoloweshwa mpaka kikapoa. Kinu kilikuwa na tumbo zuri la mwanamume aliyeshiba. Kwa kuwa vipande vya baba vilikuwa vidogo, kila kifua kilichukua vinne. Nilivitoboa kwa msumari wa moto nikavifunga kwa kamba ya nailoni, kimoja juu ya kingine kama magamba. Chapeo, zile kofia za vita, zilitoka kwenye ndoo kuukuu, na kishungi cha juu kilikuwa ufagio wa chelewa uliopakwa rangi nyekundu. Nilipaka vyote rangi ya fedha, ile wanayopakia mageti, na nilipovipanga ukutani kuku waliogopa kuingia uani.

Vikabaki vya jemadari. Deo alikuja kujipima, akageuza kifua cha magamba mkononi, akakirudisha.

"Mimi ndiye mkubwa wao," alisema. "Wenzangu wavae viraka, sawa. Mimi fundi madera anishonee viraka?"

Aliyasema kwa utani, akaondoka akipiga mluzi. Mimi sikulala vizuri. Siku iliyofuata nilimsubiri baba njiani alipokuwa akienda zamu.

"Baba, kifua cha jemadari kinataka bamba moja."

"Nachukua ninachopewa, mwanangu."

"Si wamesema dhiraa? Mkono wako mrefu. Wewe unaishia kwenye kifundo. Kata mpaka ncha ya kidole, tena ni haki yako."

Alisimama, akaunyosha mkono wake mbele yake, akautazama kana kwamba ameuazima. Kisha akacheka. "Kumbe nimezaa wakili," alisema, akanipiga kikofi kidogo kichwani na kwenda zake. Sijawahi kusikia tena kicheko kile.

Ilikuwa Jumatano kabla ya Ijumaa Kuu, na getini palikuwa na mlinzi mgeni, mtu mfupi aliyeletwa juma lile. Yaliyotokea niliyasikia mara moja tu, baba akimweleza mama huku amekaa kwenye ngazi ya mlango na viatu vyake vya kazi vimewekwa pembeni. Baba aliweka mkono juu ya bamba kama walivyofanya miaka yote. Ncha ya kidole na ncha ya bamba zilikutana sawasawa.

"Mkono wako wewe si kipimo cha kiwanda," mlinzi alimwambia. Akaweka wake. Bamba lilizidi kwa vidole vinne. "Hivi vidole vinne ni wizi, mzee."

Msimamizi wa zamani hakuwepo tena wa kuulizwa. Waliobaki walitafuta kanuni ya dhiraa kwenye makaratasi yao, hawakuiona, kwa sababu haikuwahi kuwamo, na baba akafukuzwa kazi. Katekista alikwenda kumwombea siku ya Alhamisi, akasimama getini na kofia mkononi, akarudi hivyo hivyo. Mama aliuliza swali moja tu: "Lakini baba Zuhura, wewe si hukata kidogo siku zote? Safari hii ulipatwa na nini?" Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilingoja baba anitaje. Alisema, "Tamaa tu, mama Zuhura," na hapo akavua soksi zake.

Ijumaa Kuu ilinyesha. Askari wangu sita walipita kwenye matope, rangi ya fedha ikiteremka kwenye viuno vyao, na Deo mbele, kifuani magamba kama wenzake. Nilikuwa nimemfungia vipande vinne Alhamisi usiku, na yeye, aliyekwisha kusikia habari, alivivaa na kukaza kamba mwenyewe. Watu walisifu. Wengine walinionyesha kwa kidole. Baba alisimama mbali, chini ya upenu wa duka, mikono ameificha nyuma.

Kabla ya mwaka kwisha tulihamia Masaki, upande wa Kisarawe, kwa wajomba wa mama, kwenye mihogo na mikorosho isiyokuwa yetu. Niliacha shule darasa la sita ili mikono iongezeke shambani. Baba alianza kuchoma mkaa. Mwaka wa tatu alikwenda kwenye misitu ya Vihingo, akaugua kifua siku nne, wenzake wakamzika huko huko. Habari ilitufikia kaburi limekwisha kuota majani. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi sikumwambia mama kwamba bamba lile nililiomba mimi, hadi naye akafariki. Tangu hapo nimeishi miji mingi na kufanya kazi nyingi. Huko kote sikuwahi kukanyaga Vihingo.

"Dada, twende wapi?" kijana wa bodaboda aliniuliza asubuhi ile, harufu ikiwa bado puani mwangu. Mdomo ulijibu kabla yangu: "Vihingo."

Tulifika mchana, mawingu yamejaa. Nilielekezwa kwa mama mmoja mnene, mfupi, anayepangisha chumba cha uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umemfuata nani huku?"

"Baba."

"Yupo?"

"Yupo. Amezikwa huku."

Alinitazama kidogo, akasema kesho atanipatia mzee anayejua makaburi ya wachoma mkaa. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba na dirisha lisilokuwa na kitu. Mvua ilianza. Aliniletea bamba la plastiki lililopauka, kipande cha tangi la maji lililopasuka. "Ziba na hili. Chukua tu, mabaki hayo."

Niliweka mkono wangu juu yake. Nimerithi mikono ya baba. Ncha zilikutana sawasawa. Nikamwomba yule mama aweke wake.

"Wa nini tena?" alicheka, lakini akauweka. Lilizidi kwa vidole vinne, labda vitano. Nikatoa kisu, nikakata kilichozidi, nikamrudishia.

"We mtoto una mambo! Si litaacha upenyo?"

"Litaacha, mama."

Likaacha. Niliketi kitandani nikiutazama upenyo ule, na mvua ya Vihingo ikaingia kupitia hapo.