Sakafu Niliyoichimba Mwenyewe

Wanaosema wakimbizi ndio walioiba ule mchanga ni waongo, na ninasema mapema ili asiyependa kusikia aache kusoma hapa. Nilikuwapo. Mlango wa lile banda uling'olewa miaka mingi kabla mkimbizi wa kwanza hajashuka kwenye boti, na aliyeung'oa ni mtu wa hapa hapa Rusimbi, akafungia mbuzi wake. Uzio haukuwapo. Kibao hakikuwapo. Palikuwa na banda la bati, mashine ya kusagia mawe iliyoota kutu, madimbwi mawili ya saruji yaliyokauka, na nyuma yake kilima cha mchanga wa kijivu wenye umanjano kidogo, laini kuliko unga wa muhogo uliochekechwa mara mbili.

Zamani walikuja watu wakileta mawe pale, mengine kutoka ng'ambo ya ziwa, mengine sijui wapi. Waliyasaga na kuyaosha kwa dawa iliyochoma pua hadi barabarani. Sisi tuliwaita watu wa mawe. Siku moja wakafunga mizigo yao wakaondoka. Hawakutuaga, wala hawakutuambia wameacha nini.

Vita ya Kongo ilipotumwagia watu ufukweni, nilimpokea mama mmoja kutoka pande za Uvira na watoto wake watatu. Walikaa chumba changu cha mbele wakingoja lori la kuwapeleka kambini. Lori lilichukua miezi minne kufika. Mama yule alikuwa na aibu ya kula bure. Alichota maji, alitwanga, alifagia palipokwisha kufagiwa, mpaka nikamwambia, "Keti basi, nyumba yenyewe imechoka." Siku moja akarudi kutoka kuokota kuni, amefunga mchanga kwenye pindo la kitenge.

"Mama mukubwa, shika hii," akaniambia. "Niko naenda kukupakia chini ya nyumba, itangaa sawa sahani."

Nyumba ya udongo husiribwa sakafu kila mvua zikiisha. Unachanganya udongo na mavi ya ng'ombe na maji, unapaka kwa kiganja kama unavyompaka mtoto mafuta, kisha unasugua kwa jiwe la ziwani. Sikuwa nimepata kuona mchanga wa kushikana vile. Tulikwenda wote wawili na mabeseni. Nilibeba mimi zaidi yake, kwa kuwa shingo yangu ni ya kazi. Tulipomaliza, chumba kiling'aa hata majirani wakaja kukitazama, nami sikuwaficha tulikoutoa. Baada ya wiki chache nusu ya mtaa iling'aa. Ile ilikuwa zawadi ya mwanamke asiye na kitu. Mkumbuke hilo, maana kuna watu wamegeuza zawadi ile kuwa wizi.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka minne, mama yake ameniachia nimlee. Alikuwa mla udongo. Wengi huku tumekula udongo, utotoni au wakati wa mimba, sikuona ajabu. Alikuwa na kona yake nyuma ya mlango, anakwangua kwa kucha na kulamba vidole. Nikimpiga kibao cha mkono alitulia, akingoja nigeuke.

Mama wa Uvira na wanawe wakachukuliwa na lori. Haukupita muda ikaamuliwa lile banda litengenezwe liwe ghala la chakula cha wakimbizi. Mtu mmoja mwenye akili, simjui hadi leo, akasema papimwe kwanza. Ndipo wakaja wenye nguo nyeupe, wakapazungushia uzio wa kamba wenye lango.

Nilikwenda kuwatazama kama watu wengine. Wamejifunika kuanzia utosini hadi kwenye mabuti, mikono ina glavu, mdomoni wamevaa kitu kama pua ya nguruwe. Wanachota mchanga taratibu kwa sepetu, wanautia kwenye mapipa ya chuma, wanayafunga na kuyaosha kwa nje. Nilicheka. Pembeni ya kamba alisimama binti mpimaji, ametoka mkoa mwingine, ameshika kijidude chake.

"Mwanangu," nikamwambia, "mchanga huo ni mwali, mbona unafunikwa hivyo?"

"Shikamoo bibi. Tafadhali usivuke kamba."

"Marahaba. Nisivuke kwa nini, na nimepita hapa tangu sijaolewa?"

"Mchanga huu una mionzi. Huioni wala hainuki, lakini inamwingia mtu polepole, kwa miaka. Mbaya zaidi ni vumbi lake likimezwa."

Likimezwa. Kicheko kilinikatika. Nikamwuliza, "Na mtu akiwa ameupaka ndani ya nyumba?"

Alitazama mikono yangu.

Mkuu wa kazi alikuwa ameketi chini ya turubai, ramani mezani, chupa ya chai pembeni. Nilimweleza yote: sakafu, mtoto, kona ya mlango. Alisikiliza huku akifunika na kufunua kalamu.

"Bibi, kazi yetu inaishia kwenye uzio. Nyumba yako haimo kwenye ramani."

"Haimo kwa sababu hamkuichora."

"Halafu ule mchanga ulikuwa mali ya serikali. Hawa wakimbizi waliouiba…"

"Niliubeba mimi. Kwa kichwa hiki. Andika mimi."

Hakuandika. Akasema nikalete barua ya mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti tulicheza naye utotoni, kwa hiyo hatuogopani. Alinisikiliza, akafunga dirisha.

"Wewe mwanamke unataka watubomolee nyumba? Ukiwaambia, watakuja na tingatinga."

"Hata mkeo amesiriba kwa mchanga huo."

"Ndiyo maana nakwambia nyamaza. Mjukuu wako ana homa?"

"Hana."

"Anaharisha?"

"Haharishi."

"Basi unatafuta nini?"

Mimi nimeishia darasa la nne, lakini najua kwamba jambo linalokwenda polepole halingoji homa. Mhuri wake ulibaki kwenye saraka. Majirani nao waliposikia nimekwenda kusema, wakaacha kuniitikia salamu. Nilikuwa nikipita asubuhi nikisema "Mwakeye", wanainamia masufuria yao kana kwamba maharage yamewaita.

Nilimpeleka mtoto kwa dada yangu anayekaa kijiji cha Mwandiga. Alinililia kona yake njia nzima.

Jioni moja binti mpimaji akaja nyumbani, amevaa gauni la kawaida, kijidude kiko ndani ya mkoba wa sokoni. Aliinama akakipitisha sakafuni. Kikalia kama bisi kwenye sufuria. Alipokifikisha nyuma ya mlango kililia mpaka nikamwambia akizime.

"Usifagie," akasema. "Mwaga maji kwanza, uwe matope, vumbi lisiruke. Funga pua. Mtoto asirudi mpaka umalize. Ukichimba, tia kwenye magunia, gunia ndani ya gunia, na usibebe kichwani. Na mimi sijakwambia."

"Wala mimi sijakusikia."

Nilichimba siku mbili. Jembe, maji, matope, tena jembe. Kwenye ukingo wa ukuta vidole vya yule mama vilikuwa bado vimejichora, vinne vinne, pale alipomalizia kupaka. Hapo nilikaa nikalia, si kwa huzuni, kwa hasira. Niliwatukana watu wa mawe kwa Kiha, maana Kiswahili changu hakina matusi ya kutosha. Watu wazima, wenye shule, wenye dawa na mashine, walijua wanachokiacha. Mbao nne na maandishi mawili vingewashinda?

Asubuhi ya tatu nilikodi mkokoteni, nikapeleka magunia yote hadi langoni kwao, nikayapanga njiani. Ndani palikuwa na lori limebeba mapipa, linataka kutoka. Nikaketi chini, mbali kidogo na magunia, miguu nimeinyoosha.

Mkuu akaja mbio. "Bibi, unachafua barabara."

"Mchanga huu ulipokuwa chini ya mtoto haukuwa kwenye ramani. Umefika mbele ya lori lako umekuwa uchafu?"

"Sina ruhusa ya kuupokea."

"Basi upime hapa mbele ya watu. Ukiwa safi niandikie kwamba ni safi, niurudishe nikamlaze mjukuu wangu juu yake."

Watu walikuwa wameshajaa. Muuza samaki mmoja, mwenye migebuka yake, akadakia, "Na wewe ulalie wiki moja, mheshimiwa, utupe habari." Dereva wa lori akazima injini, akashuka kutafuta muhogo wa kuchoma. Yeye ndiye aliyejua mapema kwamba sitaondoka.

Mkuu alizungumza kwenye redio yake hadi jua likapanda. Kisha wenye nguo nyeupe wakatoka. Waliyachukua magunia yangu moja moja, watu wawili kwa gunia, glavu juu ya glavu. Nikatazama viganja vyangu vilivyoupaka mchanga ule kwa upendo, na hasira ikanipanda upya.

Kesho yake wanawake watatu walifika langoni na magunia. Siku iliyofuata mke wa mwenyekiti alikuwa kwenye foleni, amejifunika ushungi hadi puani. Sikumsema. Mwishowe wakaja mtaani wenyewe, wakaichora ramani upya, wakachimba nyumba zilizosalia. Hakuna iliyobomolewa.

Nilimwuliza mkuu, "Na mtoto?"

"Sisi ni watu wa mchanga, bibi. Mtoto mpeleke hospitali."

"Na wale watatu walioko kambini, waliolala pale miezi minne?"

"Hao si wakazi wa hapa."

Nilimpeleka mtoto zahanati. Wakampima uzito, wakampa dawa ya minyoo. Muuguzi alikuwa mkweli, alisema hawana chombo cha kupima jambo kama hilo. Kwa wale wa kambini nilituma ujumbe kwa kila aliyekwenda huko: mwambieni mama wa Uvira mwenye watoto watatu, mkubwa ana pengo, awapeleke watoto kwa daktari, na asidhani nimemkasirikia. Jibu halijafika hadi leo.

Lile banda wamelivunja, wamemwaga zege na kuweka kibao cha maandishi mekundu. Mjukuu wangu sasa ni mtu mzima, amezaa, ana afya, ana mdomo kama wangu. Watu huniambia, umeona, hakuna kilichotokea. Nawauliza wamempima lini, wanaanza kuzungumza habari za mvua. Yeye mwenyewe hunicheka, "Bibi, hayo yaliisha." Lakini akikohoa tu jikoni, mimi nimeshasimama.