Yohane, Mnywa Petroli wa Kwai

"Fungua mdomo!"

"Nimefungua, shemeji."

"Fungua zaidi. Sasa toa pumzi."

Yohane akatoa pumzi. Rubeni akasogeza pua yake mpaka ikakaribia kugusa meno ya shemeji yake, akanusa, akazunguka upande wa pili, akanusa tena.

"Vitunguu," alisema kwa hasira. "Amekula vitunguu makusudi, aue harufu ya petroli yangu."

"Nimekula vitunguu kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo."

"Leteni kiberiti!" Yunis jirani alipaza sauti kutoka kwenye ua wa michongoma. "Mwashieni mdomoni. Akilipuka, ndiye. Asipolipuka, atakuwa ameungua kidogo tu."

Tulicheka mpaka jirani yetu Mwanaisha akakaa chini. Hata Efrazia alicheka, yeye ambaye ni mke wa Rubeni na dada wa Yohane tumbo moja, halafu akajifunika mdomo kwa khanga. Yohane naye akatabasamu, maana alizoea. Mtu akichekwa tangu kuzaliwa hudhani ndivyo watu wanavyosalimiana.

Alizaliwa Magamba, siku ambayo ukungu ulikuwa mzito hata wanawake wakatundika nguo juu yake zikakauka. Mkunga alimpokea mtoto, akampoteza papo hapo mikononi, akampata kwa kufuata kilio. Kilio kilikuwa cha njaa, na njaa hiyo haikwisha tena. Alipokuwa kijana alipasua mbao msituni, wenzake wakamfukuza kambini kwa sababu alikula ugali wao, mboga yao, na mwiko akauacha umekonda. Kwenye msiba mmoja nilimwona kwa macho yangu haya akimaliza sufuria la maharage peke yake, na wafiwa wakamsahau marehemu, wakaanza kuyalilia maharage. Mke hakupata. Kila alipokwenda kuposa, mama wa binti alitazama ghala lake kwanza, kisha akamtazama Yohane, kisha akasema binti bado mdogo.

Basi akaja Kwai kwa dada yake. Akalala kwenye banda la gari. Alilima, alikata kuni, alibeba samadi, aliosha gari kila alfajiri. Kazi hizo hakuna aliyezisimulia. Kilichosimuliwa ni sahani.

Na gari lenyewe! Rubeni alilinunua kwa mzungu mmoja mwenye shamba aliyefunga virago baada ya Uhuru. Lilikuwa kuukuu tayari, lakini lilikuwa gari la familia kweli: lilibeba maharusi, wagonjwa, kabichi, na mara moja ng'ombe wa maziwa aliyekaa kiti cha mbele. Kwa ukungu ule, watu wa Magamba walimwamkia ng'ombe shikamoo. Wanasema aliitikia.

Mwaka ule, miaka ya Ujamaa, petroli ilitafutwa kama dawa. Na mwaka huo huo Rubeni akachaguliwa mzee wa kanisa. Efrazia akamshonea mkoba wa kitambaa wa kuwekea Biblia, kitabu cha nyimbo, na karanga za kukaanga za kutafuna njiani. Tangu siku hiyo, gari likawa linawaka mara moja tu. Asubuhi za Julai, baridi ikiuma mpaka jogoo anawika kwa kigugumizi, malori ya watu yakikohoa na kusukumwa, la Rubeni: vruum!

"Ni baraka," alituambia. "Gari la mzee wa kanisa halijui baridi."

Lakini baraka hiyo ilikuwa na kiu. Zamani lilishuka Lushoto na kupanda tena, na kijiti cha mwanzi ambacho Rubeni alikitumbukiza tangini kupima kikatoka kimelowa nusu. Sasa likirudi lilizimika Magamba, tangi kavu, nalo limetoa moshi mweusi njia nzima. Rubeni akalala chali chini ya gari akapapasa tangi na mipira. Akatandaza majani ya migomba chini yake. Asubuhi yalikuwa makavu. Halivuji. Kama halivuji, basi kuna mdomo. Na Kwai nzima palikuwa na mdomo mmoja tu wa kushukiwa.

Baada ya kumnusa, akamfungia kwenye zizi la mbuzi kutwa nzima na kibuyu cha maji. Mbuzi walitolewa kwanza, kwa usalama wao. Rubeni akashuka Lushoto. Jioni akarudi kwa miguu. Gari lilikuwa limezimika Magamba pale pale.

"Basi si yeye," alisema Efrazia.

"Ndiye. Zizi lina nyufa. Anainywa kwa macho."

Unacheka? Sisi tuliamini. Yunis alisema hata yeye maziwa yake yalipungua siku Yohane alipoyatazama.

Vijana wakalifuata gari na dumu la petroli, wakalirudisha. Rubeni, bila hata kumega ugali, akaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Hamisi. Balozi alikuwa akitafuta watu wa kwenda kufungua kijiji kipya cha ujamaa kule nyikani, na mlimani petu hakuna aliyetaka. Rubeni akamtoa shemeji yake. "Amejitolea," alisema. Hamisi akafurahi. Lori lingepita kesho yake jioni.

Efrazia aliposikia hakulia. Alikaa jikoni, mikono kichwani. Kaka yao mkubwa, Nathanaeli, alishuka nyika kwenye mkonge, akarudishwa kwenye machela, homa imemla mpaka akili. Walimzika kabla mvua haijakatika. Yohane alimbeba mwenyewe.

Alfajiri ya siku hiyo ya lori, Yohane akaosha gari kama kawaida. Alitoka zizini na njaa ya kutwa na usiku. Mkoba wa Rubeni ulikuwa ndani ya gari, umetundikwa pale unapotundikwa daima, na harufu ya karanga ikamwita kwa jina lake na la baba yake. Akautundua. Biblia na nyimbo akaviweka kitini kwa heshima. Karanga akazila nyuma ya migomba, na mkoba akausahau huko.

Rubeni alipopanda gari, likakataa kuwaka. Mara ya kwanza tangu achaguliwe! Tulilisukuma mpaka mteremkoni, likakohoa, likashika. Akaenda zake akituita wachawi.

Alasiri tukasikia mlio. Gari lilipita Magamba halikusimama, likapanda, likaingia mpaka uani. Rubeni akashuka bila kulizima, akatumbukiza mwanzi tangini. Umelowa nusu na zaidi! Akautazama, akatutazama, na hapo Mwanaisha akatokea migombani na mkoba mtupu.

"Yohane! Umekula karanga zangu?"

"Nimekula, shemeji. Njaa."

"Mmeona!" Rubeni akarukaruka. "Leo kashiba karanga, hakunywa petroli! Ushahidi gani tena mnautaka?"

Kwa kweli hatukuutaka mwingine. Tukapiga makofi. Yunis akasema nyikani wampeleke bila kupita karibu na pampu ya petroli ya Mombo, nchi isije ikasimama.

Yohane akangoja kelele zipungue. "Dada," alisema, si kwa shemeji yake, "mimi nilitoa mkoba tu. Kile kitufe cha karibu na usukani ulipotundikwa kilikuwa kimetokeza nje kama ulimi, nikakirudisha ndani, pasionekane pameguswa."

Efrazia akamwangalia. Kisha akauchukua mkoba kwa Mwanaisha, akapanda gari, akakaa kiti cha mumewe, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Akakivuta kitufe, akakizungushia shingoni kamba ya mkoba. Gari likakohoa, likatoa moshi mweusi mpaka kuku wakatawanyika. Akautoa, akakisukuma ndani. Gari likatulia. Akautundika tena: moshi. Akautoa: shwari.

Ilikuwa ni choki ya kuamshia injini penye baridi, ya kurudishwa injini ikishapata moto, maana ikibaki nje injini hunywa petroli ovyo. Rubeni, tangu apate mkoba, aliifanya msumari wa ukutani.

"Baba Yudith," Efrazia alisema, akashuka na mkoba mkononi, "mnywaji wako huyu hapa. Nimemshona mwenyewe."

Mdomo wa Yunis ulikuwa wazi, unangoja kiberiti chake.

"Nenda kwa balozi," Efrazia akaendelea. "Nenda sasa hivi, kalifute jina la kaka yangu."

"Niseme nini?" Sauti ya Rubeni ilikuwa ndogo. "Niseme mzee wa kanisa kalikaba gari lake koo kwa mkoba wa Biblia? Wataniimbia mpaka Mgwashi."

"Sema hivyo hivyo. Waimbe."

"Nitasema kidogo kidogo. Wiki ijayo."

"Wiki ijayo! Nathanaeli alirudi anaongea na ukuta, Rubeni. Huyu ukimpeleka kule, nami naapa mbele ya watu hawa..."

"Hodi hapa!"

Balozi Hamisi akaingia uani na mgambo wawili. Kule barabarani lori lilikuwa linanguruma.

"Wenyewe mpo wote, vizuri. Yule ndugu yetu aliyejitolea yuko tayari?"

Yohane akamtazama shemeji yake, na sisi sote tukamtazama, hata mgambo.

Rubeni akautwaa mkoba mkononi mwa mkewe. Akainama ndani ya gari, akakivuta kile kitufe, akautundika. Moshi mweusi ukatoka, naye akamwambia balozi, "Mnywaji wa petroli ndiye huyu; shemeji yangu hakujitolea, lifute jina lake."