Sauti ya Mwatima ndani ya Lori

Msabah Usi alikuwa dereva wa lori la mawe. Tukipakia upande wa Kidichi na kuteremsha Michenzani, wakati yale majumba marefu yanajengwa, nami mpakiaji nikikaa ubavuni mwake. Kusoma hakujui, lakini hadithi za vitabu alizipenda kuliko chakula. Basi dada yake Mwatima, aliyekuwa akisomesha, alimsomea riwaya kwenye kanda, naye akizisikiliza njiani kwa rikoda ndogo ya betri aliyoletewa na shemeji yao baharia. Aliiweka mapajani, sauti mpaka juu, maana injini ile haikuwa na adabu.

Mwaka wa sabini na moja Mwatima akatoweka na mumewe. Watu walikuwa wakitoroka kisiwani kwa mashua siku zile, na aliyewavusha akikamatwa, kurudi nyumbani ni majaaliwa. Walikuja watu wawili wa usalama kumhoji Msabah. Akasema hajui, na kweli hakujua.

Kanda ya mwisho aliyoachiwa alikaa nayo siku nne haigusi. Ya tano, tumeshapakia, akaitia. Mwatima akasoma taratibu kama kawaida yake: mtu amerudi kwao baada ya miaka saba, amekuta mlango wa nyumba yake umefungwa kwa ndani, anabisha. "Hodi," akasoma. Kisha akashusha sauti.

"Kaka, nnakata kidogo nisije nkasahau. Ijumaa tunaondoka. Atatuvusha Ame Simai, wa hapo Mtoni. Watazamie wanawe, na usimwambie mtu. Haya, tuendelee."

Msabah akaizima. Ndiyo kwanza tunaingia Mtoni, na mbele askari wameweka gogo njiani, gari tatu zimepangana zinapekuliwa. Nyuma yetu basi. Hapana pa kugeuzia.

Nikamwambia aitupe dirishani. Akanijibu kwamba askari wanatutazama. Akairudisha kanda nyuma kwa kubahatisha, akabonyeza vile vitufe viwili vya kurikodia, akaiacha izunguke, irikodi juu ya yale maneno iyafute. Maneno yale yamekaa wapi hasa, hajui. Tukasogea, tukasimama, tukasogea tena. Midomo yake ikawa inasoma kwa moyo alichohifadhi chuoni.

Askari akafika, akaichukua rikoda. Akarudisha nyuma, akafungulia. Ikatoka ngurumo ya injini. Akangoja. Ngurumo. Akarudisha tena, zaidi kidogo. Ngurumo, na ndani yake mtu anasoma Yasini kwa sauti ya homa.

"Huyu nani?"

"Mimi, mwanangu."

"Unasikiliza gari lako mwenyewe?"

"Naam. Breki zake nnaziogopa."

Askari akamtazama, kisha akamwita mwenzake. "Njoo umsikie huyu, anajisomea hitima mzima mzima."

Wakacheka, wakamrudishia rikoda yake, gogo likaondoshwa. Sisi hatukucheka. Tukaenda moja kwa moja mpaka Michenzani.

Hapo ndipo alipoirudisha kanda kuhakikisha. Jina la Ame halimo. Lakini na mwisho wa hadithi umeliwa na injini, wote, na kile kitabu hakuthubutu kumuuliza mtu, asije naye akaulizwa habari za kanda.

Ame alikaa Mtoni na wanawe, asijue kitu. Mwatima hakurudi. Kila tukitoka Kidichi Msabah akiitia kanda ile ile, naye Mwatima akisoma mpaka mlangoni. "Hodi." Hapo kandani lori likaanza kunguruma, na Msabah akaizima.