Dawa Iliyobaki Idete

Ipo Jumapili moja ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani, mwanangu. Ulikuwa mwezi wa kumi, mwezi wa Rozari, kigangoni kwetu Idete, na mdogo wangu Damas alisimama mbele ya watu akiwa amevaa shati la marehemu baba yetu, linampwaya mabegani. Enzi hizo sisi vijana wa kigango tulikuwa na utaratibu wetu. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, ibada ikiisha, anayetaka anasimama na kutaja tabia mpya atakayoianza mwezi huo, na watu wanampigia makofi. Mimi mwenyewe niliwahi kuahidi kuacha kusengenya, na nikaacha kweli, mpaka mwezi ulipoisha.

Damas alikuwa na kifafa. Kila mtu alijua, lakini hakuna aliyekitaja mbele yake, na kwenye misiba alitengewa sahani yake peke yake, kana kwamba ugonjwa ule unaambukiza. Jumapili ile alikitaja yeye mwenyewe.

"Mwezi huu nitakunywa dawa yangu ya zahanati kila jioni," alisema. "Sitakosa hata siku moja."

Makofi yalipigwa mpaka katekista akainua mkono tutulie. Nililia kwa furaha, wala sikujificha. Na kweli Damas alikunywa ile dawa, na mwezi mzima hakuanguka. Bibi yetu mzaa mama, aliyetulea baada ya wazazi kufariki, akaanza kumwacha akae karibu na moto kama watu wengine.

Mwezi uliofuata Damas akasimama tena. Atajifunza kusoma. Makofi. Baada ya hapo akaahidi kuamka alfajiri kumchotea bibi maji. Makofi tena. Na alichoahidi alikifanya, mdogo wangu hakuwa mwongo. Alitaka tu watu wamwone mzima, na mtu aliyetengewa sahani tangu utotoni, ukimpigia makofi humtoi tena hapo. Dawa aliiacha lini, sijui. Hakuna aliyejua, maana hapakuwa na Jumapili hata moja tuliyouliza habari za tabia ya mwezi uliopita. Utaratibu huo hatukuwa nao.

Unazijua desturi zetu watu wa bonde hili. Mvua zikikaribia, nyumba inafungwa na familia nzima inahamia mashambani kulima mpunga, hadi mavuno. Mwaka ule tulihama na kila kitu: kuku kwenye tenga, kinu na mchi, vyungu, mbegu, majembe, hata godoro la bibi la sufi. Tulitembea kutwa, tukavushwa mto kwa mtumbwi, na jioni tukafika kibandani tumechoka. Kabla hajakaa, bibi akauliza dawa ya Damas iko wapi.

Tulitazamana.

"Imebaki Idete, bibi," nikasema. "Ile ilikuwa ya mwezi wa Rozari. Sasa hivi Damas anaamka mapema."

Bibi hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alitua chungu alichokuwa amekishika, akanitazama mimi, siyo Damas.

"Kristina, na kifafa chake mmekiacha Idete? Kuku umewakumbuka. Kinu umekikumbuka. Nyie mnaanza jambo, mnashangiliwa, mnaanza lingine. Hayo makofi yenu mimi siyataki humu ndani. Kesho mmoja wenu arudi akaifuate."

Kesho yake mvua ilinyesha kutwa, mto ukajaa, na mwenye mtumbwi akakataa kuvusha mtu. Halafu ikaja kazi ya kupanda, ikaja palizi. Bibi alikumbusha mpaka akachoka. Damas alimjibu kwa upole, kama kawaida yake. "Usihofu, bibi, mbona sijaanguka siku nyingi. Tukirudi nitaianza upya, nitaisema kigangoni." Na mimi niliona amesema la maana. Niliona ni vizuri aianze na mwezi mpya, mbele ya watu, kama ile mara ya kwanza.

Siku moja tulikuwa tunang'oa magugu. Nilikwenda kibandani kuchukua viazi, hapo hapo tu, na nilikuwa namsikia Damas akiimba. Sauti ilipokatika nilidhani amechoka. Niliporudi nilimkuta amelala kifudifudi katikati ya mpunga. Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu. Tuna mto mkubwa wenye mamba na viboko, unaogopwa na wanaume wenye miili yao, na mdogo wangu akafia kwenye maji ambayo bata angesimama. Nilimgeuza, nikamwita, nikampangusa tope usoni. Hakuitika.

Bibi hakunikaripia tena. Jina la Damas hakulitaja mpaka naye alipofariki.

Sasa nimezeeka, naishi hapa Ifakara, na naona mambo yale yale yamehamia kwenye simu. Mjukuu wangu Neema mwezi huu anakunywa maji mengi, mwezi uliopita alikuwa anakimbia asubuhi barabara ya Mlimba, kabla ya hapo ilikuwa kusoma vitabu. Kila mwezi picha, na wenzake wanamtumia pongezi. Nilimuuliza ile ya mwanzo wa mwaka imeishia wapi. Akacheka, akasema, "Bibi nawe, hiyo si imeshapita."

Niliwahi kuwasimulia vijana wa jumuiya yetu habari za Damas, yote, mpaka pale kwenye maji. Walisikiliza kweli, binti mmoja akafuta machozi. Nilipomaliza wakanipigia makofi. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu, sina hata nguvu ya kuvivua. Nadhani nitakufa hakuna aliyenielewa.

Lakini nakuambia na wewe, mwanangu, kwa kuwa sina kingine cha kukupa. Sikukatazi kuanza tabia mpya. Ila kabla hujachagua ya mwezi huu, jiulize ni ipi ambayo ukiiacha utakufa, au atakufa mtu wako. Hiyo usiipangie mwezi. Ukihama, ifungashe kabla ya kuku na kinu. Ifanye siku umeichoka, na siku hakuna anayekutazama. Hizo nyingine zikikushinda, hapatakuwa na msiba. Na ndugu yako akianza jambo jema, usijisumbue kumshangilia. Muulize baadaye, jioni ya kawaida, hata kama anakereka kuulizwa. Mimi wangu sikumuuliza.

Basi usinipigie makofi. Nenda salama, mwanangu, na Mungu akujalie jioni nyingi zinazofanana, na kila jioni awepo mtu wa kukuuliza kama umekunywa dawa.