Supu ya Mizizi ya Ngatia

Ungetaka kugombana na Ngatia wa mtaa wa Skuta, ungemwambia tu kwamba supu yake ni dawa. Kwa miaka ishirini na miwili alichemsha vichwa na miguu ya mbuzi kibandani kwake, pamoja na mizizi na magome ya porini, kama mamake alivyomfundisha. Jibu lake lilikuwa moja: supu ni chakula. Mbishi kama huyo hujapata kumwona Nyeri nzima.

Mkewe Kagure alipougua saratani ya ini, tiba ya kemo ilimsaidia miezi mitano, kisha uvimbe ukaanza kukua tena. Daktari Anita akawakalisha chini, akawaeleza taratibu. Ndani ya seli za saratani kulikuwa na jeni iliyozifanya ziitapike dawa kabla haijafanya kazi. Watafiti Nairobi walikuwa wakijaribu sindano ya kuizima jeni hiyo, ili kemo ileile ipate nguvu tena. Hakuahidi kupona. Alisema nafasi ipo moja katika jaribio hilo, mradi vipimo vya ini vitulie wiki tatu, na Kagure asiguse dawa nyingine.

"Hata ya kienyeji, mzee."

"Hiyo hatuna, daktari. Huyu anakunywa supu tu."

Wala hakudanganya, ndivyo alivyoamini. Wiki hizo tatu akampikia mkewe supu nzito kuliko ya wateja, mizizi akaiongeza maradufu, maana safari ya Nairobi ilitaka nguvu. Kagure alimaliza kikombe kila asubuhi.

Vipimo vikarudi vibaya. Daktari aliuliza tena, na sasa akafafanua: hata mizizi inayochemshwa na nyama. Kama ipo, waiache, wapime upya wiki ijayo.

Ngatia alielewa papo hapo. Aibu ikamshika. Akaangalia viatu vyake, akasema hapana. Nafasi ikaenda kwa mgonjwa mwingine.

Tangu siku hiyo alichemsha mifupa na chumvi peke yake. Jumapili moja Kagure, ambaye sasa hakuweza kuinuka, alionja kijiko kimoja akarudisha kikombe.

"Hii haina mizizi, Baba Mwai. Hata ya juzi haikuwa nayo."

Ngatia alikaa ukingoni mwa kitanda. "Kwani ulijua ni hiyo iliyoharibu vipimo?"

"Si nilikuwa hapo daktari akiuliza."

"Na mbona hukusema? Tungepimwa tena."

"Niliona vile umeangalia viatu. Nikajua ukiaibishwa mbele ya huyo daktari, mtoto wa watu, hutawahi kupika tena. Na wewe bila hiyo sufuria utakuwa nani?"

Alitaka kumwomba msamaha; badala yake akachukua kikombe akaenda kukiosha. Mpaka leo hilo linamuuma kuliko yote.

Walimzika Kagure Agosti. Wateja walingoja wiki mbili, wakadhani anaomboleza, kisha wakazoea kula kwingine. Sufuria ile aliipeleka kanisani, wanachemshia chai. Ngatia hajapika tena.