Makaa Niliyoyaunganisha kwa Penseli

Siku niliyomshauri Mzee Kibona ang'oe kahawa yake, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku niliyopewa cheti.

Nilikuwa mjiolojia mpya, mwanamke pekee katika kambi ya kutafuta makaa ya mawe kwenye milima ya Ibaba, kule Ileje. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nchi ilihitaji nishati, nasi vijana tulikuwa na haraka ya kuonekana tunajenga taifa.

Bonde la mashariki nilipima tabaka la makaa lenye unene wa kimo cha mtu. Upande wa magharibi, ng'ambo ya kijiji, nikakuta jingine, jeusi vilevile, nene vilevile. Nikayaunganisha kwenye ramani kwa mstari mmoja wa penseli uliopita chini ya nyumba za watu. Maana yake kijiji kizima kihame, na wale watu walikuwa wameshahamishwa mara moja, kuja hapo kwenye kijiji cha ujamaa. Nami sikungoja kazi yangu ikaguliwe. Nilipita kwa Mzee Kibona, ambaye alizoea kunikaribisha maziwa, nikamwambia aanze kujiandaa kuhama, ang'oe kahawa mapema. Aliniamini. Ndani ya siku tatu aling'oa safu mbili za mibuni.

Mkuu wetu wa kambi, Ndugu Shomari, alikuwa mtu wa Tabora, mpole, hapandishi sauti. Landrova ilikuwa tayari kwenda mji mdogo wa Mpemba na taarifa yangu. Akaisoma, akaikunja, akamwambia dereva asubiri.

"Vaa buti, twende," akaniambia.

Tukashuka korongo lililopita chini ya kijiji. Mimi nilikuwa nimelikwepa kwa sababu ya miiba, nakiri.

"Wewe umelinganisha rangi," akasema. "Kinamasi kikirudi mara kumi, makaa meusi yatarudi mara kumi. Mimi nataka kujua wakati yalipotokea. Hapa ziwa la kale lilikuwa linapanda au linashuka?"

Akanionyesha ukingo wa korongo. Chini kulikuwa na tope laini lililogeuka jiwe. Juu yake mstari wa mkwaruzo ulioachwa na maji, halafu kokoto za mviringo na mchanga mzito, na katikati ya kokoto, vipande vya makaa.

Akanieleza taratibu. Zamani sana palikuwa na ziwa. Lilipopanda, tope lilitanda, na vinamasi vya pembeni vikaja kuwa makaa. Liliposhuka, mto ulichimba bonde, ukayala makaa yale na kuyasomba. Ziwa liliporudi, bonde lile likajaa kokoto, kisha mchanga, na mwisho kabisa kinamasi kipya. Ule mstari ndio mpaka wa vipindi viwili. Makaa ya mashariki yalikuwa chini ya mpaka, ya magharibi juu yake. Hayakuwahi kuwa tabaka moja. Chini ya kijiji palikuwa na mchanga na kokoto tu.

"Kwa hiyo kijiji hakihami?"

"Kwa makaa haya, hapana. Lakini nimesikia kuna mtu ameshang'oa kahawa. Utakwenda wewe, si mimi."

Nilikwenda peke yangu. Mzee Kibona alikuwa shambani na mkewe.

"Mzee, nimekosea," nikasema. "Hakuna makaa chini yenu. Kahawa yako umeing'oa kwa ajili ya kosa langu."

Mkewe alijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mzee akatazama ile ardhi tupu.

"Wengi wamekuja kutuambia tuhame," akasema. "Hakuna aliyewahi kurudi kusema amekosea. Ingia ndani, mwanangu, unywe maziwa."

Nililia mbele yao bila aibu. Jumapili zilizofuata nilikwenda kupanda naye miche mipya, mpaka safu zote mbili zikajaa.

Ndugu Shomari na Mzee Kibona ndio walionilea katika kazi hii, na hadi leo nawashukuru katika sala zangu. Kwa hiyo, mwanangu, ukiona vitu viwili vinafanana usikimbilie kusema ni kimoja. Tafuta kwanza kilichotokea katikati yake, hata kama njia ina miiba. Kumbuka kuna watu wanaoishi juu ya kila unachokichora. Na ukikosea, usimtume mtu. Nenda mwenyewe, mapema.

Mungu akujalie macho yenye subira, na akukutanishe na watu watakaokusahihisha bila kukuvunja, kama alivyonikutanisha mimi.