Siku Tatu kwenye Kiti cha Kioko

Mama ndiye aliyenituma Nairobi. Mdogo wangu Kioko alikuwa amezikwa mwezi mmoja uliopita, kwetu Ukambani, na vifaa vyake vya kazi vilikuwa bado huko, mtaa wa Mowlem, kwa fundi aliyemfundisha kutengeneza saa. "Nenda ulete vitu vya mtoto wangu," Mama alisema. Nikaacha vinyago nilivyokuwa nikichonga, nikaondoka Jumatatu kabla jua halijachomoza.

Saa tano hivi nilifika Mowlem. Kabla sijauliza njia, mama mmoja muuza mboga za sukuma aliinua kichwa. "Kioko! Sasa? Umepotea sana. Fundi yuko tu hapo juu." Tulifanana, hilo nalijua tangu utotoni. Sikumsahihisha, nikapanda ngazi.

Kwenye ghorofa ya tatu mlango ulikuwa wazi. Mzee Wafula, fundi mwenyewe, mtu wa Bungoma aliyewahi kutunza saa za stesheni za reli, alikuwa amesimama akiningoja.

"Mimi ni Mutua, kaka yake," nikasema.

"Najua. Nimekuwa nikijiambia hivyo tangu nisikie hatua zako kwenye ngazi."

Alinionyesha meza ya Kioko na kuivuta droo. Ndani mlikuwa na saa saba, zote zinatembea. Nilishtuka, maana saa za kutiwa ufunguo hazimalizi siku tatu bila mkono wa mtu.

"Mimi huzitia ufunguo kila asubuhi," alisema. "Zikinyamaza, nyumba haikaliki."

Zilikuwa nakala za saa za kifahari, zile zenye miduara mitatu midogo usoni na vibonye viwili ubavuni. Alibonyeza cha juu, mshale mwembamba ukaanza kukimbia. Akakibonyeza tena, ukasimama; akabonyeza cha chini, ukaruka hadi sifuri. "Nakala mbaya utaijua hapa. Mshale unarudi ukilala kando ya alama. Za Kioko zinarudi palepale."

"Wanunuzi wanajua si zenyewe?"

"Kwangu wanajua, nawaambia. Wakishatoka hapo nje, sijui wao husema nini."

Kazi ya Kioko ilikuwa kuchora nyuso: tarakimu ndogo kuliko mbegu za wimbi, na vistari vya sekunde pembeni, kwa brashi ya nywele chache. Uso mmoja ulikuwa umeachwa nusu. Vistari vilikoma kwenye thelathini na nne.

"Hebu kaa tu, ujaribu," Mzee alisema.

Mimi ndiye niliyemfundisha Kioko kushika kisu cha kuchongea. Nilikaa. Alasiri nilikuwa nimemaliza. Mzee Wafula aliubeba uso hadi dirishani, akautazama kwa lenzi. "Sioni ulipoanzia." Nikatazama na mimi. Sikupaona.

Mkewe, Mama Nekesa, aliniletea chai. Haikuwa na sukari. Kioko hakutumia sukari. Mimi natumia vijiko vitatu. Niliinywa hivyo hivyo.

Jumanne sikuondoka. Nilivaa koti lake la kazi, nikachora nyuso mbili.

Jumatano, karibu saa sita mchana, Mzee alinyoosha mkono bila kugeuka. "Kioko, nipe kibano."

"Shika, Mzee," nikasema.

Tulibaki vile vile, kibano kikiwa kati yetu. Mama Nekesa alikuwa mlangoni, mkono mdomoni.

"Kaa," Mzee Wafula alisema polepole. "Kitanda chake kipo. Hapa mtaani hakuna atakayejua."

Nilitamani kukubali. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nikavua koti. "Mzee, Kioko amekufa. Udongo niliumwaga mimi mwenyewe." Tangu mazishi sikuwa nimelisema kwa sauti. Mzee alifunika uso, mabega yakitikisika, na mkewe akaja kumshika. Nilifunga brashi, lenzi na koleo kwenye kitambaa, nikawaaga.

Jioni nilikuwa njiani kurudi. Nilikuwa nimekwenda nikidhani nakala hutokana na ulaghai tu. Ile ya kwetu, nakala ya Kioko mwenyewe, ilitengenezwa kwa subira na mapenzi, na mimi mwenyewe niliishikia brashi.

Nilipofika nyumbani, Mama alikuwa uani akianua kunde. "Mutua!" aliita. Nilimsikia vizuri kabisa, lakini nilichelewa kuitika.